Mdogo Wangu, Hicho Chumba Kiko kwa Jina la Nani?

Mdogo wangu uliyeshuka Mbezi Luis na begi moja na namba ya simu ya shangazi, karibu mjini. Leo nataka tukae tuongee bila haraka. Maswali mnayoniletea yana sura nyingi. Mmoja analalamika kwamba shangazi hamlipi, huu mwaka wa pili. Mwingine ametolewa nje usiku na mwanaume aliyekuwa akiishi naye, nguo zake zimebaki ndani. Mwingine mshahara wake umo kwenye simu, lakini laini ni ya binamu, na wamegombana. Kila nikifika mwisho wa maelezo yenu najikuta nauliza jambo moja: hicho kitu kiko kwa jina la nani?

Kule nyumbani, tuseme Makete, hukuhitaji karatasi. Ukipita njiani watu wanajua wewe ni mtoto wa nani, babu yako alilima bonde gani, mama yako katoka ukoo upi. Ukidhulumiwa, wazee wanakaa kikao. Dar es Salaam ilihesabiwa watu 5,383,728 kwenye Sensa ya 2022, na pengine ni wa kuhesabika kwa vidole wanaolijua jina la baba yako. Huku utatetewa na kitambulisho, mkataba, risiti, ujumbe wa muamala, na watu wachache uliowachagua mwenyewe. Kwa mtazamo wangu, msichana anakuwa mtu mzima mjini pale anapoanza kuwa na vitu vya lazima kwa jina lake, hata viwe vidogo namna gani. Ndiyo maana nitakusumbua na mambo ya karatasi kabla hatujafika kwenye mambo ya moyo.

Tuanze na simu. Siku hizi laini zinasajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA. Wengi mnakuja na miaka kumi na nane au kumi na tisa, namba ya NIDA bado, kwa hiyo binamu anakusajilia laini kwa kidole chake. Ni wema, na umshukuru. Lakini elewa kwamba laini ile ni yake. Siku mkikosana anakwenda dukani, anasema laini imepotea, anaweka kidole, anapewa nyingine, na yako inazima mkononi mwako pamoja na akiba yote. Utakwenda kulalamika wapi, wakati kila rekodi inaonyesha jina lake?

Kwa hiyo namba ya NIDA ndiyo kazi ya kwanza, na kama unayesoma haya bado hujapanda basi, ianze huko huko nyumbani. Mtendaji wa kijiji anakujua, mzazi yupo wa kuthibitisha, shule uliyosoma iko jirani. Huku utahangaikia barua ya serikali ya mtaa kwa mwenyekiti ambaye hajawahi kukuona. Hakikisha majina kwenye cheti cha kuzaliwa, cheti cha shule na fomu ya NIDA yanafanana herufi kwa herufi. Ukiwa Neema Yosefu kwenye kimoja na Neema Joseph kwenye kingine, utakuja kuapishwa kwa wakili na kulipia kosa lililoandikwa na mwalimu wa darasa la kwanza. Ukishakuwa na namba, piga *106# mara moja moja uone ni laini zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, nenda kwenye ofisi ya mtandao huo waifute, kwa maana anayeitumia kutapeli anatapeli kwa jina lako. Namba za matapeli wanaokuandikia "ile hela tuma kwenye namba hii" ziripoti 15040. Na namba yako ya siri usimpe mtu, hata yule unayempenda. Anayekupenda hataihitaji.

Sasa shangazi. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu panauma.

Umefikia kwake kwa heshima, baba ndiye aliyepiga simu. Unaamka saa kumi na moja alfajiri, unachemsha chai, unamwandaa mtoto wa shule, unadeki, unafua, kisha unakwenda kukaa kwenye genge lake mpaka saa tatu usiku. Makubaliano yalikuwa utapelekwa kujifunza ushonaji, au utafanyiwa mpango wa kuingia VETA Chang'ombe. Mwezi unazaa mwezi. Ukijaribu kukumbushia unaulizwa, "Kwani hapa unalala wapi? Unakula kwa nani?" Unanyamaza, unajiona huna shukrani.

Mdogo wangu, una shukrani. Na sisemi shangazi ni mtu mbaya, kwa sababu wengi wa kina shangazi hawa walipokelewa hivyo hivyo na mashangazi zao, na wengine kodi yenyewe inawatoa jasho. Lakini yalikuwa makubaliano, na umri unaoutumia kwenye lile genge hutarudishiwa. Ni haki yako kuuliza, na kuuliza kwa adabu hakuvunji udugu.

Kabla ya kumkabili, mpigie yule mtu mzima aliyewaunganisha, baba au baba mdogo, mweleze kwamba unataka kuzungumza na shangazi. Huendi kushtaki, unataka awepo shahidi wa yale yaliyopangwa. Kisha chagua jioni ya Jumapili, chakula kimeliwa, vyombo vimeoshwa. Kama kwenu mnapiga goti, piga goti. Mwambie: "Shangazi, shikamoo. Nakushukuru kwa kunipokea, na nyumbani wanakushukuru. Nilikuwa naomba tuzungumze yale mliyopanga na baba. Naomba unipangie tarehe ya kuanza cherehani. Kama mwaka huu haiwezekani, naomba nipate kidogo kila mwisho wa mwezi, nijiwekee ada mwenyewe." Ukimaliza, nyamaza. Usianze kuhesabu mangapi umemfanyia. Ulichoomba ni tarehe na kiasi. Akijibu kwa maneno ya jumla, rudi hapo hapo kwa upole. Akisema "nakuwekea", mwombe akuwekee kwenye laini yako.

Akikataa kabisa, anza kutafuta kazi nyingine bila kelele, na ukiipata, aga mchana, wazazi wakijua, mizigo yako ukiipanga mbele yake. Usitoroke. Siku moja utamhitaji, au yeye atakuhitaji wewe.

Isipokuwa kwa jambo moja. Kama mume wa shangazi, au kijana wa nyumba ile, anakushika, anagonga mlango wako usiku, anakutishia usiseme, hapo hakuna kuaga wala kusubiri Jumapili. Toka siku hiyo hiyo. Nenda kituo cha polisi chenye Dawati la Jinsia na Watoto. Kama umeingiliwa kwa nguvu, fika hospitali mapema iwezekanavyo, kabla saa 72 hazijapita, kwa sababu dawa za kuzuia VVU zinafanya kazi ndani ya muda huo, na kila saa unayochelewa inapunguza nguvu yake. Usioge kwanza, nguo ulizovaa zifunge uende nazo. Hospitali ya Amana, pale Ilala, ina kituo cha Mkono kwa Mkono, ambapo daktari, polisi na ustawi wa jamii wanakuhudumia sehemu moja ili usilazimike kusimulia maumivu yako ofisi kwa ofisi. Watakaokuambia unavunja nyumba ya watu, waache waseme. Nyumba ile imevunjwa na aliyekugusa.

Kuhusu kazi ya kulipwa nitasema machache. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa 45 za kazi ya kawaida kwa wiki, likizo ya siku 28 kwa mwaka, likizo ya uzazi ya siku 84, na inamtaka mwajiri akupe maelezo ya ajira yako kwa maandishi. Ukiwa umeajiriwa sekta binafsi, mchango wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na wewe hukatwi zaidi ya nusu yake. Dai namba yako ya uanachama, kisha ufuatilie mwenyewe kama michango inafika, maana wapo wanaokata na hawapeleki. Wewe unayefanya kazi za ndani usijione uko nje ya haya. Kima cha chini cha mshahara kinachotangazwa na serikali kinawataja wafanyakazi wa majumbani pia.

Na yule meneja anayesema nafasi ipo ila "tuonane jioni tuongee vizuri"? Anachoomba kina kifungu chake: Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, kifungu cha 25, inataja rushwa ya ngono waziwazi kuwa ni kosa. Tunza jumbe zake, usifute hata moja, piga 113 ya TAKUKURU, hulipii simu hiyo. Najua njaa ya kazi ilivyo, na najua utaogopa kwamba utaonekana mwenye makuu. Lakini kazi inayoanzia kwenye chumba cha gesti haiishii hapo. Atarudi kudai tena, na mshahara wako utakuwa kamba aliyokufunga nayo.

Tuje kwenye chumba. Huku wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, wengine ya mwaka mzima, na dalali anachukua sawa na kodi ya mwezi mmoja. Piga hesabu: chumba cha shilingi 60,000 kwa mwezi, miezi sita ni 360,000, ongeza ya dalali 60,000, inakuwa 420,000 kabla hujanunua godoro. Msichana anayelipwa laki na nusu atazitoa wapi kwa pamoja? Hesabu hii ndiyo inayowaingiza wengi kwenye chumba cha mwanaume kabla moyo haujakata shauri. Wazazi wanadhani ni tabia, lakini mara nyingi ni mkupuo huo wa kodi.

Mimi napendelea wasichana wawili wapange pamoja, wanaofahamiana kwa mwenendo kuliko kwa kucheka pamoja. Majina yote mawili yaandikwe kwenye mkataba. Kodi ilipwe kwa simu ili ujumbe ubaki, au kwa risiti iliyosainiwa. Kabla ya kulipa, rudi peke yako bila dalali, ikiwezekana baada ya mvua kubwa, uone maji yanasimama wapi. Wanaoishi karibu na bonde la Msimbazi wanajua ninachosema. Zungumza na wapangaji wanawake wanaofua uani: LUKU mnachangaje, maji yanatoka siku zipi, choo kinafungwa, mwenye nyumba ana heshima? Watakuambia kwa dakika tano yale ambayo dalali hatakuambia mwaka mzima. Ukihamia, jitambulishe kwa mjumbe na ofisi ya serikali ya mtaa. Siku ukihitaji barua ya utambulisho utakuwa sura wanayoijua.

Haya, mwanaume.

Anasema, "Hamia kwangu, tupunguze gharama, tutafunga ndoa mambo yakikaa sawa." Sitakuhukumu ukihamia. Nataka tu uhamie macho yakiwa wazi. Mtaani wanakudanganya kwamba mkikaa miezi sita umekuwa mke. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 160, inazungumzia miaka miwili au zaidi, na siyo kukaa tu, bali kukaa kwa namna ambayo jamii inawatambua kama mke na mume. Hata hapo sheria inachotoa ni dhana ya ndoa, na dhana hiyo mwenzako anaweza kuipinga mahakamani kwa ushahidi, mathalani kwamba ana ndoa nyingine ya Kikristo kwao. Utaleta nani aseme alikutambulisha kama mke, ikiwa hajawahi kukupeleka hata kwa dada yake?

Kuna shauri lililosikilizwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1983, la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ambalo natamani kila msichana alijue. Mahakama, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilikubali kwamba kazi za mke nyumbani, kupika, kulea, kutunza nyumba, ni mchango katika mali ya ndoa. Ulikuwa ushindi mkubwa kwa wanawake wa nchi hii, na mpaka leo mawakili wanaurejelea. Bi Hawa mwenyewe, hata hivyo, hakuondoka na mgao, kwa kuwa mahakama iliona alishapewa fedha na mumewe wakati wa ndoa yao na akazitumia vibaya. Na huyo alikuwa mke wa ndoa, hana haja ya kuthibitisha kwamba ni mke. Wewe unayehamia na begi, mkataba wa pango una jina lake, LUKU ina jina la mwenye nyumba, televisheni umechangia nusu lakini risiti ni yake, utasimamia wapi?

Basi ukihamia, hamia na haya: vitu ulivyonunua risiti zake uwe nazo wewe, vyeti vyako vikae kwa mtu unayemwamini nje ya nyumba ile, kazi yako usiiache kwa sababu yeye amesema atakutunza, na kwenye kikoba, kile kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, uendelee. Mpime afya wote wawili kabla, majibu myaone pamoja. Uzazi wa mpango kwenye vituo vya afya vya serikali hutolewa bure. Nenda peke yako, muulize muuguzi yote unayoona haya kumuuliza mwingine. Na umjaribu kwa jambo dogo: mwambie unataka jina lako liongezwe kwenye mkataba wa chumba mkataba ukihuishwa. Jibu lake likujulishe unaishi na nani.

Nimetaja kikoba, ngoja nikieleze nikiwa na furaha kidogo, kwa sababu haya tunayohangaika nayo wanawake wa mji huu wamehangaika nayo muda mrefu na hawakukaa kimya. Bibi Titi Mohamed alizaliwa hapa hapa Dar es Salaam mwaka 1926, na kabla hajapanda majukwaa ya TANU alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma kiitwacho Bomba. Vikundi vile vya wanawake vilikuwa vya kuchezea na vya kufaana pia, kwenye harusi na kwenye misiba, na ndivyo vilivyomjazia watu alipoanza kuwaita wanawake kwenye siasa mwaka 1955. Kikoba chako cha Alhamisi kina damu hiyo. Chagua chenye daftari linalosomwa mbele ya wote, sanduku lenye funguo zaidi ya moja kwa watu tofauti, na wanachama unaojua wanakoishi. Hisa ndogo, lakini kwa jina lako. Itakuokoa na wale wa kausha damu, wanaokukopesha leo kwa riba inayopanda kila wiki na kesho wamebeba godoro lako, na zile programu za mikopo zinazowatumia jamaa zako wote ujumbe wa kukuaibisha.

Kwenye vikundi hivyo pia unaweza kumpata somo, yule mwanamke wa kukufunda. Binti wa Kizaramo, mwenyeji wa pwani hii, zamani akivunja ungo aliwekwa ndani, akafundwa na wanawake waliomzidi, akatolewa kwa ngoma mtaa mzima ukiona. Hatukubali yote yaliyokuwamo, lakini binti yule alikuwa na mtu aliyekabidhiwa maswali yake. Wewe umevunja ungo Makete na utu uzima umekukuta Mbagala, hakuna aliyekabidhiwa. Mtafute mwenyewe: mama mtu mzima, anayejitegemea, asiyesambaza ya watu, asiyekuomba pesa wala kukuunganisha na wanaume. Anaweza kuwa fundi wako wa nguo, mama lishe unakokula mchana, au mama wa kwaya. Mwambie kwa kinywa chako, "Mama, huku sina mtu, naomba nikikwama nije kwako." Wachache sana hukataa.

Mama wa nyumbani naye asikose ukweli. Akipiga kusema sukari imekwisha na mdogo wako kafukuzwa ada, unatuma yote, kisha unatembea kwa miguu kwenda kazini wiki nzima na kumdanganya kwamba uko salama. Mwambie unalipwa kiasi gani. Kitaje. Mtajie kodi, nauli, chakula, halafu pangeni pamoja kiasi kile kile cha kutuma kila mwezi, hata kiwe elfu kumi. Mama aliyekulea kwa shamba la viazi anajua hesabu ya kugawa kidogo kuliko wewe. Anayemfanya adhani una nyingi ni wewe, kwa picha unazotuma ukiwa umevaa nguo za kuazima.

La mwisho ni nauli ya kurudi. Iwe imetengwa siku zote, mbali na akiba nyingine, mtu yeyote asiikope, mchumba asijue ipo. Kurudi kwenu kujipanga upya siyo kushindwa, na wapo waliorudi mara mbili kabla mji haujawakubali. Uliza nauli ya basi la kwenu leo, ongeza hela ya chakula cha njiani na ya bodaboda ya kukufikisha kijijini, uiweke. Ikipanda nauli, nawe ongeza.